Ratiba ya Siku Sita Kopenhagen

Al Hail, Maskati.
Jumaamosi, 15 Mei 1999.

Kwa dada yangu Hind binti Salem, Malindi, Unguja.

Assalaam alaykum. Nnaomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Aflah na wanao wawili. Yule mdogo kama bado anakohoa, Mungu amuondoshee, na kama keshapona mwambie mjomba wake anasema aache kula udongo, kwetu hatukufikia huko. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo isipokuwa goti. Mama hajambo kwa mtu anayemtizama kwa mbali. Mimi ndo usiseme, nnazidi kupendeza, hata kinyozi wa Hamriya ananikata nywele polepole ili wapita njia wapate kuniona kwenye kiti chake.

Najua unashangaa kuuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilipokuandikia nilikuwa bado nasoma, na wewe ukanirudishia barua ile ile makosa umeyapigia mstari. Hii usiirudishe. Nimeandika kwa sababu simu yetu iko ukumbini, na baba siku hizi anakaa ubavuni mwake kama askari wa benki. Ikilia mara moja tu keshaidaka.

Khabari kubwa ni kwamba baba na mama wanakwenda Ulaya kutembea. Soma tena ukitaka. Baba huyu huyu tunayemjua, ambaye tangu astaafu wizarani safari yake ndefu ni kwenda msikitini na kurudi, anayezima AC mwezi wa Julai akisema baridi inamwingia kwenye mifupa, anataka kwenda Kopenhagen. Si London, ambako tuna jamaa kila kituo cha treni. Kopenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambako picha zote nilizoziona watu wamevaa makoti na wanacheka.

Alitangaza siku chache baada ya Iddi Kubwa, tuko kwenye sinia. Akasema mama kalea, kapika, kauguza, na macho yake hayajaona kitu. Kabla ya pirikapirika za harusi yangu na Mazoon mwezi wa Agosti, anataka akampumzishe. Mama alikuwa anachambua miba ya samaki, hakuinua uso. Dada, mwanamke anayeahidiwa Ulaya huinua uso, angalau kuuliza avae nini. Mama aliendelea na miba mpaka yule samaki akabaki hana kitu cha kuchambuliwa.

Hapo ndo nilipoanza kushuku, na ukinijua mimi, nikianza kushuku sishibi.

Basi kazi ya kuipanga safari nikapewa mimi, na kwa haki kabisa. Kama hujasikia, mimi ni mandub wa ofisi ya safari pale Hamriya, yaani mtu wa kuzungusha makaratasi kwenye wizara na balozi. Skuli niliiacha katikati, hilo unalijua na ulilia wewe kuliko mama, lakini nenda leo dirisha lolote la serikali kutoka Ruwi mpaka Qurum, taja jina la Humam, uone kama hawatakuletea kiti. Wenye shahada wanasimama foleni, mimi napita pembeni nikiuliza hali za watoto wao. Ofisini tuko watatu: mwenye ofisi ambaye haji, mimi ambaye sikai, na Nahashon, Mkenya wa Kisii, mtu wa makamo, anayekata tikiti na kuimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Yeye ananiita bwana mdogo. Mimi namwita askofu.

Nikakaa na askofu siku mbili nzima na vitabu vya picha, tukatengeneza ratiba ya siku sita ambayo hata mfalme asingeikataa. Siku ya kwanza kwenye kasri, kuwatizama walinzi waliovaa makofia ya manyoya makubwa kama mizinga ya nyuki. Siku ya pili mashua kwenye mifereji. Siku ya tatu kwenye bustani yao yenye mapembea na taa. Kisha nguva, sanamu la shaba lililokaa juu ya jiwe baharini, ambalo watu wanatoka Japani kuja kulipiga picha. Nikampelekea baba kwa mbwembwe. Baba akavaa miwani, akafika kwenye nguva, akasema yeye alimuona nguva mzima kwenye nyavu za watu alipokuwa mtoto, na hakuwa na sura ya kumtoa mtu Maskati. Akalifuta kwa kalamu. Akafuta na mapembea. Akafuta na mashua kwa sababu ya goti, kana kwamba mashua inaendeshwa kwa goti.

Mama yeye hakufuta kitu. Kwa kila mahali nilipomtajia aliuliza jambo moja tu, kama pako mbali na Norebro. Nikamuuliza Norebro ndo nini. Akasema kasikia tu. Dada, mama yako hawezi kukwambia Mawaleh iko upande gani wa nyumba yetu, na kila wiki anapita Mawaleh. Nikaitizama ramani, Norebro mtaa kweli, una maduka ya nyama halali na wahamiaji wengi. Nilipomuonesha Nahashon ile ratiba iliyobaki, imekatwakatwa kama shati lililoliwa na panya, aliisoma, akaacha kuimba. Akasema, "Bwana mdogo, hii safari ya wazazi wako haina utalii ndani yake. Hawa watu wanaenda kuona mtu."

Nikajiambia, baba kaoa. Usicheke. Wazee wa rika lake wamewahi kufanya makubwa zaidi, na huko Kopenhagen wako Wazanzibari chungu nzima. Nikawaza labda kuna mwanamke wa zamani wa Dar es Salaam, tulikokaa kabla ya kurudi Oman, na sasa kaamua kumpeleka mama wakajuane. Nikaanza kumchunguza baba. Nikakagua mifuko ya kanzu, nikapata tasbihi na dawa ya goti. Nikakumbuka siku moja kabla hajatangaza safari, nilimuona anarudi kutoka kwa sheikh wa msikiti, kakaa ndani ya gari kwenye kivuli cha ukuta, hatoki, injini imezimwa, na jua lile. Nikagonga kioo nikamuuliza kulikoni. Akasema anapumzika. Uso wake haukuwa uso wa bwana harusi.

Nikabadilisha. Nikasema basi mama mgonjwa, wanampeleka kwa madaktari na hawataki tujue. Siku tatu nilikuwa nambebea mpaka kikombe cha chai, akaniuliza nimevunja nini. Mgonjwa hakuwa. Ila alikuwa kabadilika kwa jambo moja, na hilo ndo lililonitoa usingizi. Mazoon alikuja kumsalimia na kumletea vileja. Unajua mama alivyokuwa kwa Mazoon tangu mtoto yule alipofiwa na mamake, hamuachii mkono. Siku ile alimpokea sahani, akamshukuru kama anavyomshukuru mtu wa maji. Kisha akakaa anamtizama, anamtizama, kama mtu anayetafuta senti iliyoangukia kwenye mkeka. Mazoon kaondoka macho mekundu.

Na wiki hiyo hiyo, chini ya ofisi yetu, fundi cherehani wa Kihindi anayeshona nguo za bibi harusi alinisimamisha. Kwa Kiarabu chake na Kiswahili chake na mikono yake alinifahamisha kwamba mama alikuja peke yake kwa teksi, kamwambia vile vitambaa vya Mazoon asivitie mkasi. Avikunje, avirudishe kwenye karatasi, asubiri. Nikauliza asubiri mpaka lini. Akasema mpaka mama arudi kutoka Ulaya.

Hapo, dada yangu, nilipanda ngazi nikakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja. Nikasema kumbe ni mimi. Wamegundua sifai. Wameona mandub aliyeacha skuli hamstahiki Mazoon, binti wa Ami Ishaq, msichana mwenye diploma ya ukutubi, wanakwenda kunitafutia mwingine huko, au kunitafutia pa kunitupa. Mbele za watu mimi nilikuwa nasema Mazoon ndiye aliyenitaka, mimi nimekubali kwa kuona huruma. Hata kwako nilisema hivyo kwenye simu, na wewe uliyempigia debe tangu mwanzo ukacheka. Sasa nakwambia kweli, na uichane barua ukimaliza. Kila siku nikitoka kazini, napita mbele ya nyumba yao, nafika mwisho wa njia, nageuza gari, napita tena. Baba yake anadhani natafuta pa kuegesha.

Sasa nikuingize kwenye habari ya pasi, maana ndo inayolalamikiwa nyumbani. Ubalozi wa Denmark hauko Maskati. Pasi lazima ziende Riyadh kwa posta ya haraka, zigongwe viza, zirudi. Baba alinikabidhi yake na ya mama siku ya Alkhamisi, tarehe nane Aprili, ili Jumaamosi asubuhi nizipeleke. Safari ilikuwa iwe mwanzo wa mwezi huu. Haikuwa. Wiki tano baba ananiuliza, nami nasema Riyadh bado, Riyadh bado. Keshaanza kuwasema Wadenmark, kwamba ni watu wa kukawia, na kwamba siagi yao pia hakuwahi kuiamini. Hilo liweke pembeni kidogo, nitalirudia.

Kati ya Alkhamisi ile na Jumaamosi kulikuwa na Ijumaa. Baba yuko msikitini kaenda mapema, mimi nimechelewa kama kawaida, nikaliona sanduku la mama liko wazi kitandani. Ndiyo, nilichakura. Mtu akifanyiwa siri ndani ya nyumba yake afanye nini. Sanduku la mwanamke anayekwenda kutembea Ulaya halikuwa na nguo yake hata moja ya maana. Kulikuwa na kopo la haluwa, kahawa, ubani wa Dhofar, doti tatu za khanga mpya, na chini kabisa, ndani ya bahasha, picha ya rangi nyeusi na nyeupe.

Katika picha hiyo kakaa mwanamke mnene kwenye kiti cha ukindu, anacheka. Upande mmoja kamshikilia mtoto wa kiume wa mwaka hivi, mwenye kovu juu ya jicho, na kovu hilo nnaliona kila siku kwenye kioo. Mapajani kapakata kitoto kichanga kimefungwa khanga. Na ubavuni kwake kasimama msichana wa miaka tisa, nywele mafungu mawili, kashika kipepeo cha ukili anampepea mtoto mchanga. Anatizama kamera kwa hasira kwa sababu mkono umemchoka. Msichana huyo ni wewe, Da Hind.

Mchana wake nilikuwa nimpeleke mama Qurum kwa daktari wa meno. Nikangoja tufike kwenye mzunguko, mahali ambapo hawezi kushuka, nikaiweka picha mapajani mwake. Nilizunguka ule mzunguko mara nne, watu wananipigia honi, mpaka akaanza kusema.

Mwanamke yule ni Bi Sayyida. Wewe unamjua, mimi nilikuwa nikilisikia jina lake tu kwenye masimulizi ya nyumbani. Tulikaa naye nyumba moja Dar, Kariakoo, sisi chumba hiki na wao chumba kile, na Ami Ishaq na mkewe chumba cha nyuma. Nilipozaliwa, mama alitoka jipu la ziwa, homa haimuachi, na Bi Sayyida alikuwa ana mtoto wake mchanga. Akanichukua mimi na kuninyonyesha pamoja na wake, siku nyingi, mama hata hakuzihesabu. Kwa hiyo mimi ni mwanawe wa maziwa. Hilo halina shaka na mama halikatai.

Mwaka uliofuata akazaliwa Mazoon, ndiye kile kitoto kichanga cha kwenye picha. Hajafika hata arubaini, mamake, Mungu amrehemu, akashikwa na homa ya matumbo, akalazwa siku kumi hajitambui. Ami Ishaq yuko Mwanza kwenye biashara. Mama yetu yeye alikuwa kamfuata baba Tanga, mimi na wewe katuacha hapo hapo nyumbani. Kitoto kikabaki mikononi mwa Bi Sayyida. Mama siku zote alijua kwamba kililelewa kwa maziwa ya kopo. Ndivyo alivyoambiwa, na hakuwa na sababu ya kuuliza, maana nani angejua mimi nitakuja kumtaka.

Sasa mara tu baada ya Iddi mama akaenda kwenye msiba hapa hapa Hail. Kuna bibi mmoja wa Dar wakikumbushana ya zamani, akasema kwa kusifu tu, mwaka ule maziwa ya kopo yalikuwa hayapatikani hata kwa dawa, na Bi Sayyida Mungu amlipe, watoto wa nyumba nzima walipita kifuani kwake. Mama akaiacha kahawa yake pale pale. Akarudi akamwambia baba. Baba akaenda kwa sheikh, siku ile niliyomkuta ndani ya gari, na sheikh akamwambia hata funda moja linatosha. Kama Mazoon alinyonya pale, mimi na yeye ni ndugu, na ndugu hawaoani, na hakuna wa kulifungua.

Nikamwambia mama, basi si apigiwe simu. Akasema alipigiwa. Bi Sayyida yuko Kopenhagen kwa mwanawe, mtaa wa Norebro, mzee sasa. Alipojua aliyempigia ni baba, akasema yeye hatoi ushahidi kwenye waya kwa mtu aliyekataa kumtolea ushahidi uso kwa uso. Wakimtaka, waende.

Na hili nalo nilikuwa silijui. Tulipopata njia ya kurudi Oman, kila mtu alihitaji mzee wa kusimama na kusema, huyu ni wetu, namjua babake na babu yake. Mume wa Bi Sayyida alimuomba baba amtilie saini. Baba akaogopa. Karatasi zetu wenyewe zilikuwa hazijakaa sawa, akahofia wakimtilia shaka yule watatutilia na sisi. Akasema hamjui vizuri. Mtu waliyekula naye sinia moja miaka kumi na mbili. Sisi tukapanda ndege, wao wakabaki, mpaka wakaangukia Denmark. Mume alifia huko.

Ndiyo sababu inaitwa safari ya kutembea. Wakisema wanakwenda kuuliza, basi kabla ndege haijaruka Hail nzima itakuwa na jibu lake, na Mazoon atabaki na jina la msichana aliyetaka kuolewa na kaka yake, hata Bi Sayyida akisema hapana. Mama aliniapisha nisimwambie Mazoon. Sikumwambia. Jana aliniuliza kwa simu ya dukani kama mapazia yawe ya kijani au ya rangi ya maziwa. Nikamwambia ya kijani. Akauliza mbona sauti yangu kavu, nimepata mwingine? Nikakata simu. Sasa na yeye anashuku, na ana haki.

Haya, pasi. Kaa chini kama umesimama.

Pasi hazikuwahi kufika Riyadh. Jumaamosi ile ya tarehe kumi nilizichukua, nikafika mbele ya mlango wa posta ya haraka, nikaona watu wanaingia na kutoka, nikageuza gari. Nikafungua buti, nikainua tairi la akiba, nikazilaza chini yake ndani ya mfuko wa plastiki. Wiki tano nimetembea nazo, Hail mpaka Hamriya, Hamriya mpaka Qurum, kila nikipita tuta nazisikia moyoni. Nilijiambia wasipokwenda hawatauliza, wasipouliza hakuna jibu, na Agosti itafika yenyewe. Mimi mandub ambaye hajawahi kupoteza karatasi ya mtu, nimezificha za wazazi wangu. Nahashon alijua kabla sijamwambia. Aliniomba risiti ya posta, nikasema iko nyumbani. Siku ya pili akaniomba tena. Siku ya tatu hakuomba, akawa ananitizama tu juu ya miwani, na nyimbo akaacha.

Jumaatano iliyopita baba alikuja ofisini mwenyewe. Alipanda ngazi zile na goti lile. Alinisalimia kama mgeni, akaenda kwa Nahashon, akakaa, akasema mwanawe kahangaika sana na watu wa Riyadh, hataki kumlaumu, lakini anaomba aandikiwe barua kwa Kizungu kwa balozi. Nahashon akachukua karatasi, akauliza aandike sababu gani ya safari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimeshika faili. Baba akafikiri. Nilijua atasema kutembea. Akasema, andika kwamba kuna mwanamke nilimkosea, ni mtu mzima na mimi mtu mzima, na nnataka kumuomba radhi kabla mmoja wetu hajatangulia. Nahashon akaandika. Akamsomea kwa Kiswahili chake cha bara, polepole. Baba akaomba kalamu. Akatia saini, dada, kaishika karatasi kwa mkono wa pili kama mtoto anayeanza kuandika.

Alipoondoka, Nahashon aliikunja ile barua, akanitilia mfukoni mwa shati, akanipigapiga kifuani hapo ilipo. Akasema, "Unajua pa kuipeleka, bwana mdogo." Kisha akarudi kwenye tikiti zake.

Leo asubuhi posta ilipofungua mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Pasi mbili na barua ya baba, na risiti ipo, nimempa Nahashon aihifadhi kwa sababu mimi sijiamini. Nimewaandikia na ratiba mpya. Siku ya kwanza Norebro. Siku ya pili Norebro. Siku ya tatu wapumzike, na kama Bi Sayyida amekubali kuwatembeza, basi awatembeze yeye. Nguva nimemrudisha siku ya sita, baba akitaka afute.

Kwa nini nakwambia yote haya wewe, na habari ya Bi Sayyida unaijua kuliko mimi? Kwa sababu pale kwenye mzunguko mama aliniambia na hili, kwamba alikupigia simu, akakuuliza siku zile kumi alipokuwa hayupo ulimuona Mazoon akilishwa nini. Akasema ulimwambia ulikuwa mtoto, hukumbuki, kisha simu ikakatika. Mama akakuamini. Mimi sikukuamini hata dakika moja. Wewe unakumbuka rangi ya soksi niliyopoteza uwanja wa ndege. Unakumbuka jina la paka wa jirani. Na kwenye picha uko pale, na kipepeo mkononi, hatua moja kutoka kifuani kwa Bi Sayyida. Tena wewe ndiye uliyesema tangu mwanzo Humam amchukue Mazoon, ukaandika, ukapiga simu, ukashangilia, na tangu mama akuulize hujatuma hata salamu.

Sikulaumu, Da Hind. Mtu wa tairi la akiba amlaumu nani. Nahisi ulitusukuma bila kukumbuka, na ulipokumbuka ilikuwa ushachelewa, ukafanya kama mimi, ukatia kitu mahali penye giza ukaomba siku zipite. Na labda nimekosea. Labda lilikuwa kopo kweli, na wewe ndiye uliyeshika chupa, na umenyamaza kwa sababu unaogopa kuapia jambo la utotoni. Nimelifikiria hili mpaka nikajikuta naiona ile chupa kwa macho. Ikiwa si chupa, basi Mazoon ataweza kukaa mbele yangu kichwa wazi, kuniita kaka, kunimwagia chai mpaka tuzeeke, wala hakuna atakayesema kitu. Mimi nitaweza kumuona siku zote. Hebu fikiri adhabu hiyo.

Pasi zitachukua wiki tatu. Barua hii itakufikia kabla yake. Kama unajua, andika. Iwe kopo au isiwe kopo, andika, ili mama asiende kupiga magoti kwa jambo ambalo mwanawe wa kwanza analijua, na akienda, aende kuomba radhi tu. Ila jibu lako usiniletee mimi. Usilipitishe ofisini wala usiliandikie jina langu. Liandikie mama, umpe anayekuja na ndege, alitie mkononi mwake mwenyewe, maana likipita kwangu nnajijua, buti la gari lina nafasi na tairi ni lile lile.

Nisalimie shemeji na umwambie kanzu aliyoniletea ilinibana, si mwili uliozidi, ni fundi. Wabusu watoto. Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia mkumbushe. Mungu akuweke, na akulainishie mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Humam bin Salem